Ng'ombe Ambaye Sikumwandika

Kwa miaka ishirini na mitatu niliyomfahamu, Fundi hakupanda juu ya kiti hata mara moja. Taa ya kibanda chake ikiungua, alitoka mlangoni akamwita mshona viatu wa jirani aje kuibadilisha, ingawa mshona viatu mwenyewe alikuwa mfupi kuliko yeye. Mwanamke hapandi paa, hapandi mti, na kwa Fundi katazo hilo lilishuka hadi kwenye viti. Mwanamke hapigi mluzi. Mwanamke akikaa hufunga magoti. Aliyasema haya akiwa na pini nne mdomoni, akimpima bibi harusi kiuno, na bibi harusi alibana magoti papo hapo, ingawa alikuwa amesimama.

Ninaanza na kiti kwa sababu watu waliomchukua mtoto wake walisema hana cha kumfundisha binti.

Vibanda vyetu vilipakana kule Muhima, mjini Kigali, vikitenganishwa na ukuta wa mbao. Yeye alishona nguo. Mimi nilitoa fotokopi na kuwajazia watu fomu. Shule niliiachia darasa la sita. Mengine niliyoyajua niliyapata kwenye karatasi zilizopita juu ya kioo cha mashine yangu: mikataba, hukumu, barua za kufukuzwa kazi. Nilisoma kila kitu kabla ya kumrudishia mwenyewe. Fundi aliniita Karani, na alipotaka kuniudhi aliniita Bwana Karani.

Alikuwa na futi shingoni, lakini aliwapima watu kwa jicho kwanza, kisha akatumia futi kuhakikisha tu. Wateja walivuta matumbo ndani. "Pumua," aliwaambia. "Usinidanganye. Nguo utaivaa ukiwa umeshiba." Hakushona suruali za wasichana. Aliwaelekeza kwa fundi mwingine chini ya barabara, kwa sauti ya mtu anayewaelekeza gerezani. Yeye mwenyewe alivaa suruali ya kiume chini ya dera kila siku, kwa sababu pedali ya cherehani ilikuwa ikimkwaruza miguu. Nilipomwambia kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja, alinijibu kwamba dera ndilo linaloonekana.

Mwenzake alikuwa Mama Ineza, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki, mtarizi hodari. Alikuja kuomba kazi akiwa na mimba ya miezi saba, na mwanaume aliyempa mimba alikuwa ameikana na kutoweka. Alipewa cherehani ya pili. Kisha akapewa nusu ya chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda. Kisha mambo ya nusu yakaisha. Niseme wazi, maana mtaa mzima ulisema kwa mafumbo: waliishi kama watu waliooana. Kitanda kimoja, sufuria moja, mtoto mmoja. Mtoto akilia, aliyekuwa karibu ndiye aliyeamka. Nimezaa wawili, na sikuwahi kupata msaada wa namna hiyo kutoka kwa mwanaume niliyeolewa naye.

Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara alikuwa na utani mmoja tu, na aliutumia miaka yote.

"Fundi! Hebu tuambie, kati yenu wawili nani anavaa suruali?"

"Mimi nazishona tu, baba. Ya kwako imerudi mara tatu, kiuno kiongezwe. Safari ya nne lete shuka."

Watu walicheka, na yeye alicheka. Mimi niliisikia cherehani ya Mama Ineza, upande wa ndani, ikinyamaza mpaka kicheko kiishe.

Ineza alipofikia umri wa chekechea, shule ilitaka fomu. Walikuja nayo kwangu wote watatu, mtoto akiwa mgongoni kwa Fundi. Jina la baba. Kazi ya baba. Kama baba hayupo, eleza. Jina la anayemleta mtoto shuleni, na uhusiano wake na mtoto.

"Acha wazi hapo," alisema Mama Ineza.

"Ikiwa wazi watamuuliza mbele ya wenzake," alisema Fundi. "Karani, jaza."

"Nijaze nini?"

"Kitu. Si wewe unayesoma makaratasi ya watu bila kuombwa?"

Nikajaza. Nilimbuni mwanaume, kaka yake Fundi, dereva wa lori, aliyekufa kwa ajali kwenye barabara ya kwenda Zambia kabla mtoto hajazaliwa. Fundi hakuwa na kaka. Nilimpa marehemu jina la heshima, na kwenye uhusiano wa Fundi na mtoto nikaandika: shangazi.

Nilijivunia kazi ile. Nilikuwa nimeifikiria hatua kwa hatua. Shangazi ni dada wa baba. Ndiye mwenye haki ya kumfunda binti, kumkemea, na kukaa karibu naye siku ya kuposwa. Mila haina nafasi ya mwanamke anayelea mtoto wa mwanamke mwenzake, basi niliona nimempa Fundi nafasi nzuri kuliko zote ambazo mila inazo. Mama Ineza aliisoma fomu mara mbili. "Huyu mume wangu anaonekana mtu mwema," alisema. Fundi akamwambia asizoee.

Marehemu alienea. Nilimwandika kwenye kadi ya chanjo, kwenye fomu za zahanati, kwenye orodha ya wazazi ya mtaa. Watu walimpokea kwa furaha ambayo mpaka leo inanichefua. Mshona viatu alikumbuka kwamba aliwahi kumtilia viatu soli. Mama muuza ndizi alisema mtoto amechukua paji la uso la baba yake. Walijua, wote walijua, lakini walifarijika kupata mwanaume wa kumtaja. Mtoto akishika nafasi ya kwanza darasani, walisema damu ya baba. Fundi, aliyekuwa akimwekea mtoto njiti za kiberiti na vishikizo mezani ajifunze kuhesabu, aliitikia, "Ndiyo, alikuwa na akili sana."

Tuligombana kwa ajili ya mtoto mara nyingi. Siku moja Ineza, ana miaka saba, alipiga mluzi akitoka kisimani. Fundi akamgonga midomo kwa ncha ya futi. Nikaruka kutoka kibandani kwangu.

"Wewe? Wewe ndiye unayemkataza mtoto mluzi? Wewe kati ya wanawake wote wa Kigali?"

"Karani, rudi kwenye mashine yako."

"Nijibu."

Aliendelea kuchomeka pini kwenye mto wa pini, moja moja. "Mtoto wangu ana jambo moja la kuchekwa," alisema. "Hilo siwezi kumwondolea. La pili hapati. Atakaa vizuri, atasalimia vizuri, atafagia bila kuambiwa, hatapiga mluzi. Wakitaka kumcheka watafute, wachoke."

Sikukubaliana naye. Bado sikubaliani. Lakini nilielewa kwamba ilikuwa kazi, na kwamba aliifanya kwa uangalifu uleule aliofanyia pindo.

Mama Ineza alipata uvimbe kwenye titi, na kuanzia alipougundua haikupita hata miezi kumi. Hospitalini walikuwa wanaruhusu jamaa mmoja wa karibu kukaa wodini. Fundi alisema ni wifi yake. Ilifaa kwa wiki mbili, mpaka kaka wa mgonjwa alipofika, akawaambia manesi kwamba yeye ndiye jamaa. Kuanzia siku hiyo Fundi alikaa nje, kwenye ukingo wa maua karibu na geti, akishonea mashati ya watu vifungo. Nilimkuta hapo saa sita mchana. Nikamuuliza kama amemwona. "Amenyoosha mkono dirishani," alisema, akakata uzi kwa meno.

Gauni ambalo Mama Ineza alizikwa nalo alilishona Fundi. Hakuruhusiwa kumvalisha. Wanawake wa ukoo walimvalisha, wakafunga vishikizo vya mgongoni vibaya, akaviona kanisani, na hakuweza kusogea kwa sababu alikuwa amepangwa kukaa kwenye mabenchi ya majirani. Nilikaa naye. Misa yote alikuwa akifungua na kufunga kishikizo cha mkono wake mwenyewe.

Siku iliyofuata baada ya kumaliza matanga, mjomba wa Ineza, kaka yuleyule wa hospitalini, alikuja Muhima na wazee wawili na kiongozi wa mtaa. Mimi niliitwa kuandika yatakayosemwa. Ineza, ana miaka tisa, alileta chai, akapiga goti kidogo kwa kila mgeni kama alivyofundishwa, akatoka.

"Tunakushukuru, mama," alisema mjomba. Hakuwa mkali. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mkali. "Umetusaidia sana. Sasa mtoto iko na kwao."

"Kwao ni hapa," alisema Fundi.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwa baba yake. Mimi ni shangazi yake. Karatasi zipo." Akaninyooshea mkono bila kunitazama, nikampa bahasha.

Mjomba alizisoma zote, polepole, akampa mzee wa kwanza, naye akampa wa pili.

"Sawa. Basi huyo kaka yako alimuoa dada yetu."

"Ndiyo."

"Ng'ombe alipokelewa na nani?"

Fundi akaitazama bahasha.

"Maana sisi kwetu hatukuona ng'ombe," alisema mjomba. "Hatukuona hata jembe la badala ya ng'ombe. Na mtoto ambaye mama yake hakutolewa kitu ni wa nyumbani kwa mama yake. Siyo mimi nasema hivyo. Mzee hapa aseme."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa huzuni ya kweli.

Hapo Fundi akanigeukia. Alinitazama jinsi mteja anavyomtazama fundi baada ya nguo kupasuka mbele za watu. Nilikuwa nimembuni mwanaume, nikambunia kazi, lori, na barabara ya kufia. Sikumbuni ng'ombe. Mstari mmoja tu, risiti ya soko la mifugo, barua ya kukiri kupokea. Nilijua kuandika zote. Mume wangu alimpa baba yangu ng'ombe mmoja, akakaa nami miaka minne, akaondoka, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza watoto wangu ni wa nani. Ng'ombe yule amekufa zamani na bado ananilinda. Kitu ambacho kilikuwa kinanilinda mimi kila siku, sikukumbuka kumwandikia yeye.

Tulikuwa watu sita chumbani, kitanda kimoja kipana mbele ya macho yetu, na sote tulijua. Tukakaa tukijadili ng'ombe wa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Kwa nini hakusema ukweli? Nimeulizwa hivyo na watu wawili watatu, wanaojiona majasiri. Akisema ukweli, mtoto angeondoka dakika hiyohiyo, tena kwa matusi, na asingemwona tena. Akinyamaza, mtoto angeondoka kwa heshima na shangazi angebaki shangazi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani.

Mjomba alipoinuka alisema neno la mwisho, kwa upole. "Halafu, mama, tusifichane. Binti anahitaji mwanaume nyumbani. Wewe peke yako utamfundisha nini?"

Ineza alikunja nguo zake mwenyewe, mikono ndani, kola juu. Akaingia kwenye gari la mjomba wake na kukaa magoti yakiwa yamefungwa, bila kulia kwa sauti, kwa sababu hakuna msichana aliyefundwa vizuri kuliko yeye mtaa ule. Niliandika kumbukumbu za kikao, wakaweka saini. Maandishi yangu yalikuwa mazuri sana.

Miaka iliyofuata Fundi alishona magauni mawili kila mwaka, moja la Noeli, ingawa yeye hakuwa Mkristo, na moja la kufungulia shule. Alikadiria ukuaji wa mtoto kwa kichwa na kuacha pindo la vidole vinne ili litolewe akirefuka. Nguo walizipokea. Mara mbili kwa mwaka alikaribishwa kumsalimia, saa mbili sebuleni, mke wa mjomba akiwa amekaa nao. Alirudi na kuniambia jambo moja tu kila safari: amekosea bega kwa inchi, au hajakosea. Nyumba za mteremko wetu zilipobomolewa alipelekwa Busanza, pembezoni mwa jiji, kwenye jengo la ghorofa, akapata chumba ghorofa ya tatu. Mimi nilibaki mjini, nikawa ninakwenda kumwona Jumapili.

Mwaka jana, Jumapili moja mchana, nilimkuta Ineza kwake. Ana miaka ishirini na miwili, ameshaajiriwa, anaposwa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akijikunja vidole.

"Wazee wa upande wa kijana wameuliza baba yangu ni nani," alisema. "Mjomba amewaambia ni kaka yako, marehemu. Wataweka kiti chake. Anaomba uje ukae kama shangazi, umsemee."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Marehemu ambaye hakuwa na ng'ombe siku ya kumchukua mtoto, leo amepatiwa kiti, kwa sababu ukoo hautaki kuonekana unamwoza binti asiye na baba.

"Mwambie mjomba wako akatafute..." nilianza.

"Karani," alisema Fundi. Kisha akamgeukia Ineza. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka ukae karibu."

"Basi nitakaa."

Nilimkasirikia wiki nzima. Nilimpigia simu, nikamwambia amewauzia uongo wetu bei ya bure. Akaniambia nilete mshanana wangu, vazi la Kinyarwanda la kufunga begani, akautengeneze bega, siwezi kwenda kwenye sherehe kama gunia.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi upande wa Kicukiro. Kiti cha marehemu kilikuwa mstari wa mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe. Fundi alikaa nyuma yake, kati ya wanawake. Wasemaji wa pande mbili walitaniana kama kawaida, wakasifu ng'ombe, wakasifu binti. Ilipofika zamu ya zawadi, upande wa kijana ukaleta vitu vya baba wa binti, koti refu la sufu na fimbo. Wakaviweka juu ya kiti kitupu. Kisha mzee mmoja wa upande wao akaomba neno.

"Mimi huyu marehemu nilimfahamu," alisema. "Tulikutana njiani, enzi zile za malori. Mrefu, mpole, mtu wa watu. Leo nikimwona binti huyu, heshima yake, ukaaji wake, nasema: kweli, kalelewa na baba yake."

Nilikuwa nimemuua kabla mtoto hajazaliwa, lakini ukumbi ukapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Walimpigia mtu ambaye nilimwandika mimi, kwa kalamu ya bluu, nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda. Msemaji wa upande wetu akamgeukia Fundi. "Shangazi, shukuru kwa niaba ya kaka yako."

Fundi akasimama. "Asanteni," alisema. "Alimpenda sana mtoto wake." Akakaa.

Nilikuwa nimeshainuka, sijui kufanya nini, Ineza alipotoka alikokuwa amekaa. Alitembea hatua fupi, kichwa chini kidogo, kama inavyotakiwa. Akafika kwenye kiti, akachukua koti, akaenda nalo nyuma, akalifungua, na kulitandaza mabegani mwa Fundi.

"Ineza," alisema mjomba, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Rudisha. Hiyo iko ya baba yako."

"Ndiyo, mjomba," alisema Ineza. "Si ninamvalisha?"

Hakupaza sauti. Mstari wa mbele ulisikia wote. Tabasamu la mjomba likabaki pale lilipokuwa, halina pa kwenda. Mzee wa malori alitazama fimbo. Mwenye vyombo vya muziki akafungulia wimbo kwa sauti kubwa, na watu wakashukuru kupata kitu cha kufanya na mikono yao. Posa haikuvunjika, kijana alimtazama mchumba wake, akamtazama Fundi, akainamisha kichwa kumsalimia. Lakini mke wa mjomba hakuja kutuaga, na tangu siku hiyo mjomba hajamwita Fundi shangazi wala kitu kingine chochote.

Jumanne nilikwenda Busanza. Koti lilikuwa mezani, mikono yote miwili imefumuliwa.

"Bwana Karani," alisema. "Huyu ndugu yangu ulimpa mikono mirefu mno."

Alilivaa likiwa limeshikizwa kwa pini. Lilimfika chini ya magoti, likipanda upande mmoja. Pindo la koti refu haliwezi kusawazishwa na mtu aliyepiga magoti mbele ya aliyesimama sakafuni. Anayepimwa husimama juu ya kitu, mwenye pini akazunguka. Wateja wake wote aliwapandisha. Alinipa futi na kisahani cha pini, akavuta kiti katikati ya chumba, akakitazama.

Nilitaka kumwambia niende nikamwite jirani ashikilie koti, tupime kwa njia nyingine. Akashika bega langu, akapanda.

"Pumua," nilimwambia. "Usinidanganye."

Nilianza kuchomeka pini. Nilikuwa na hasira hata siuoni ukingo wa kitambaa, hasira ya mjomba, ya mzee wa malori, ya makofi, ya kalamu yangu, na pini ya tatu ikapita kitambaa na suruali ikamchoma mguu.

"Taratibu, Karani," alisema kutoka juu. "Hili nalivaa mwenyewe."